Harufu Tuliyodhani ni ya Ndizi

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mniwie radhi nikishuhudia huku nimeegemea benchi. Miguu imechoka, ila moyo umesimama imara.

Wengi mnanifahamu hapa Kinyala. Baba alitangulia, mama akamfuata, nami niliye mkubwa nikaacha shule kabla ya kumaliza la saba. Tangu hapo nachuma chai ya watu, narudi kupalilia migomba yetu, nalala, naamka. Wadogo zangu, Atupele na Tumpe, nimewalea hivyo. Kuna siku naomba huku nasinzia. Mungu anazisikia hata sala hizo!

Tulipopata mtungi wa gesi nilishukuru sana, maana mzigo wa kuni ulipungua mgongoni. Muuzaji alituonyesha kufungua na kufunga, tukaona yatosha.

Ndugu zangu, baridi yetu mnaijua. Siku hiyo ukungu ulikuwa umeingia mpaka kwenye blanketi, na Tumpe amelala na mafua. Nikaenda kuchuma nikiomba neno moja tu: mvua isinyeshe, nipate kilo za kutosha. Ikanyesha! Ikamwagika mpaka msimamizi akatutawanya. Nikarudi nimelowa, nanung'unika njia nzima. Nilimwambia Mungu, hata hili dogo umeninyima?

Kumbe nyumbani Atupele alikuwa anapika uji wa mgonjwa, moto ukafifia, ukazima. Gesi ikikaribia kuisha, na baridi ikiwa kali, moto hudhoofika. Yeye akadhani imeisha kabisa. Akafanya kama tunavyofanya wengi: akaulaza mtungi ubavu, akautikisa ili masalio yatoke. Mpira wa gesi ukalegea pale kwenye kichwa cha mtungi, asione. Hakufunga pia, maana nani anafunga mtungi mtupu? Akatoka, akasukumia gunia chini ya mlango mgonjwa asipigwe na baridi, akaenda nyuma ya nyumba kuwasha jiko la mkaa.

Nafika uani, namwona anakuja na jiko limeshika, jekundu.

"Dada, afadhali umerudi! Zile ndizi ulizovundika chini ya kitanda zimeoza, nyumba nzima inanuka. Nifungulie, mikono imejaa."

Nikashika kitasa. Harufu ikanipiga kabla sijafungua. Ndugu zangu, ndizi nimezivundika tangu utoto wangu. Ndizi hainuki vile!

"Rudisha jiko! Lipeleke kule migombani!"

"Lakini dada, mgonjwa anatetemeka..."

"Atupele, rudi!"

Akarudi mbio, akalimwagia maji huko huko. Ndipo nikafungua mlango, nikambeba Tumpe na blanketi lake mpaka kwa jirani. Pua zake zilikuwa zimeziba, hakunusa chochote. Alinigombeza tu: "Mbona unanipeleka kwenye mvua, unataka nife?" Mdogo wangu, ni kinyume chake!

Nikafungua madirisha, nikafunga mtungi, nikautoa nje umesimama wima. Swichi ya taa sikuigusa, wala simu sikuitoa mfukoni. Gesi hii hulala sakafuni kama ukungu unavyolala bondeni, kwa hiyo tuliacha mlango wazi mpaka harufu ikaisha kabisa.

Tukakaa barazani kwa jirani, Atupele ananitazama. Akauliza, "Kwa hiyo ndizi ni nzima?" Tulicheka, kisha tukalia.

Ndugu zangu, simamisheni mitungi yenu. Msiilaze. Fungeni hata mnapodhani imeisha. Pakeni povu la sabuni kwenye mpira; likitoa mapovu, gesi inavuja, msiwashe kitu. Na mkaa msiuingize kwenye nyumba mliyoiziba, hata kama hakuna gesi, maana hewa yake huua watu wakiwa usingizini.

Sitawadanganya kwamba uchovu umeondoka. Kesho naamkia chai. Lakini nikirudi nawasikia wadogo zangu wakigombana ndani, nakaa kwanza kizingitini nisikilize. Namshukuru Mungu aliyeninyima nilichoomba! Nawe uliyechoka, mtumaini huyo huyo. Mvua ikikufukuza shambani, usinung'unike kama mimi. Nenda nyumbani.

Ndaga, Kyala! Asante, Mungu wetu.