Jina la Kumi na Moja

Ndugu zangu, Bwana apewe sifa! Apewe na ninyi mliokaa mbele, na ninyi wa katikati, na yule mama aliyekaa kule nyuma karibu na mlango. Asanteni kwa kuitikia. Kuitikia ndiko kulikonileta hapa mbele leo. Wale niliowadunga sindano mkiwa wadogo, mkalia na mimi nikawafokea mnyamaze, leo ni zamu yenu kunitazama nikilia.

Mnanijua kama Sista Yunes. Nimefanya unesi tangu nikiwa msichana, Nyamira na hapa Kisii, miaka mingi nikiwa wodi ya akina mama. Nilipostaafu mliniombea hapahapa, mkanivisha leso, mkanilisha keki. Katika kitabu cha washirika nimeandikwa Yunes Bosibori Ombati. Ndugu zangu, shikeni viti vyenu. Hilo si jina langu! Mama aliyenizaa aliniita Moraa, na jina hilo lingine nililichukua kwa mtu ambaye yuko hai.

Naona mnatazamana. Mzee wangu, aliyekaa pale na kichwa chini, alishtuka kuliko ninyi. Tumeoana miaka yote hii akidhani Moraa ni jina la nyumbani tu, kama kila mmoja wetu alivyo na jina la nyumbani na jina la shule. Sikuhitaji hata kumdanganya. Alijidanganya mwenyewe nami nikamwacha.

Nirudi nyuma. Nilizaliwa upande wa Birongo, na baba yangu alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi niliyosoma. Dawati moja nilikaa na Bosibori. Alikuwa msichana mwembamba, mpole, na kichwa chake kilikuwa kikali ajabu. Baba yake alikuwa amefariki, mama yake alichuma chai katika mashamba ya watu. Hesabu alizifanya Bosibori, mimi nikazinakili. Mtihani wa darasa la saba ulipofika tulitenganishwa madawati, na hapo kila mtu akavuna chake. Bosibori alipita kuliko wote. Mimi, binti wa mwalimu mkuu, nilianguka, tena vibaya!

Barua za kuitwa sekondari zilikuja mikononi mwa baba yangu. Alasiri moja mama yake Bosibori alikuja nyumbani kuuliza, kikapu cha chai bado kiko mgongoni. Mimi ndiye niliyeleta chai ya kumkaribisha. Nilikuwa nimeshika kikombe nikasikia baba akimwambia, "Pole mama, msichana wako ameanguka." Na barua ilikuwa mfukoni mwa koti lake, nilikuwa nimeiona asubuhi. Yule mama alisema asante mwalimu, akamaliza chai yake, akaenda. Nikaosha kikombe. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na msiniambie mtoto wa miaka hiyo hajui kitu. Nilijua!

Baada ya wiki moja baba aliniketisha akaniambia kwamba nikifika shule ya wasichana kule Nyamira, mimi ni Yunes Bosibori Ombati. Akasema, "Ukiitwa, itika." Hakunieleza zaidi, na mimi sikuuliza. Niliitika siku ya kwanza sauti ikiwa ya kunong'ona, siku ya pili ikatoka kidogo, na kufika mwisho wa muhula nilikuwa naitika kabla mwalimu hajamaliza kutamka. Bosibori wa kweli aliolewa kabla sijafika kidato cha pili, mbali na kwetu, na sikumwona tena.

Vyeti vikatoka kwa jina hilo. Kitambulisho, chuo cha unesi, barua ya kazi, vyote. Nikabatizwa, ndugu zangu, mtumishi wa Mungu akanizamisha majini akitaja jina la mwenzangu, nami nikainuka nikifuta macho na watu wakiimba! Kazini nilisifiwa. Akina mama niliowazalisha wakawa wanawaita mabinti zao Yunes kwa heshima yangu. Kuna Yunes watatu humu ndani, nawaona. Kila nilipoambiwa, "Sista, huyu tumempa jina lako," nilitabasamu, kisha nikaenda chooni nikakaa huko mpaka kifua kitulie.

Baba alipofariki nilidhani siri imezikwa. Nilipostaafu nikadhani imezikwa mara ya pili.

Halafu wenzangu wa sekondari wakaunda kundi kwenye simu. Wakasema tukutane shuleni kwetu Nyamira, sote tumestaafu, tujuane tena kabla hatujaanza kusahau majina. Mimi nikachaguliwa kutoa hotuba kuu, "Maisha, Kazi na Kustaafu," kwa sababu nilikuwa nimekuwa nesi msimamizi. Niliandika kurasa nne. Sentensi ya kwanza ilisema, "Yote niliyonayo nimeyapata kwa jasho langu mwenyewe." Niliiandika kwa mkono huu huu!

Siku ikafika. Tulikuwa wanawake thelathini na kitu, tumevaa sare ya kitenge, tunacheka kama wasichana. Nyuma ya bwalo akina mama watatu wa pale jirani walikuwa wamekodiwa kutupikia, na nilipopita karibu na jiko nikamtania mmoja wao kwamba mboga yake ya chinsaga inanukia hadi barabarani, asije akatupunja. Alicheka. Sikumtazama usoni. Nani anamtazama mpishi usoni?

Madam wetu wa hesabu alikuwepo, mzee sana sasa, anatembea kwa fimbo, lakini alikuja na rejista yetu ya kidato cha kwanza, ameitunza imefungwa kwa kitambaa. Akasema kabla ya jambo lolote ataita majina, na asiitike mtu ameketi. Tukapiga makofi. Akaanza. Kila mmoja akawa anaruka, "Niko, Madam!" na vicheko. Kwa waliofariki tukawa tunainamisha vichwa, kisha anaendelea.

La kumi na moja lilikuwa langu. "Yunes Bosibori Ombati!"

Nikaruka. "Niko, Madam!"

Na kutoka jikoni, ndugu zangu, sauti nyingine ikasema, "Naja! Naja!"

Akatokea mlangoni mama mwembamba amefunga aproni, mwiko mkononi una ugali. "Si mmeniita? Chakula bado dakika tano."

Madam akamwuliza anaitwa nani. Akasema, bila shaka yoyote, "Yunes Bosibori Ombati."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko! Majina matatu, yote sawa! Simu zikatolewa. Wakatusukuma tusimame pamoja tupigwe picha, mimi na kitenge changu, yeye na mwiko wake. Nilikuwa nimemtambua tangu alipotamka jina la kwanza. Naye akageuza uso akanitazama karibu, akaninong'oneza, "Moraa? Moraa wa mwalimu mkuu?"

Nikazigeukia simu zinazopiga picha. Akaitazama rejista mezani mbele ya Madam. Bosibori anasoma, jamani, alikuwa anasoma kutuzidi sote. Akaweka kidole penye mstari wa kumi na moja, akakipeleka polepole hadi mahali palipoandikwa shule tuliyotoka. Ilikuwa shule yetu, ya Birongo.

Akauliza, "Kwani nilipita?"

Wenzangu bado walikuwa wanacheka, hawakusikia. Na mimi, mwanamke wa sala, shemasi wenu, mnajua nilisema nini? Nilisema, "Tumefanana majina tu." Uongo ulitoka wenyewe, kwa sababu kinywa changu kilikuwa kimeuzoea!

Bosibori akanitazama kidogo. Kisha akasema, "Haya. Poleni, nimewaharibia programu." Akarudi kwa ugali wake.

Yeye ndiye aliyeomba radhi! Hapo ndipo Bwana aliponikamata, ndugu zangu. Angenitukana ningejitetea, angelia ningempa kitambaa. Lakini aliomba radhi kwa kuitikia jina lake mwenyewe. Nilikaa na neno hilo mpaka walipomaliza majina yote wakaniita nitoe hotuba.

Nilisimama na kurasa zangu nne. Nikasoma, "Yote niliyonayo." Nikashindwa. Nikaanza tena, nikashindwa. Watu wakadhani ni furaha, wakapiga makofi kunitia moyo. Nikaziweka zile karatasi chini nikasema, "Madam, nisamehe. Jina la kumi na moja nimeliitikia kwa uongo tangu nikiwa mtoto. Mwenyewe yuko jikoni." Nikasema kila kitu, barua, koti, chai, yote.

Bosibori alikuwa mlangoni. Alisikia tangu mwanzo. Nilidhani atanipiga na ule mwiko, na kweli nilitaka anipige. Aliuliza jambo moja tu.

"Nilipata pointi ngapi?"

Nilizijua kwa moyo, kwa maana nimeziandika katika fomu maisha yangu yote. Nikamwambia, "Thelathini na tatu kati ya thelathini na sita."

Akarudia, "Thelathini na tatu." Akawageukia wapishi wenzake akawaambia, "Nilipata thelathini na tatu." Kisha akaketi pale chini mlangoni, akasema maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nashindwa kula. Alisema, "Mama alinichapa. Aliniita mvivu. Amekufa akijua nilianguka."

Ndugu zangu, mimi nilidhani nimeiba shule! Kumbe nilikuwa nimemwibia mtu mama yake.

Wiki iliyofuata nilitoa cheti cha darasa la saba kwenye fremu sebuleni nikampelekea. Hakunikaribisha ndani. Alikichukua, akasema twende. Tukaenda Birongo, kwenye kaburi la mama yake, katikati ya migomba. Akasimama akamsomea cheti kwa sauti, jina, shule, na pointi. Akazisoma pointi mara mbili. Mimi nilisimama nyuma, na sikupewa nafasi ya kusema neno, na ilikuwa haki.

Mwanangu mkubwa aliniambia, "Mama, nyamaza, watakufunga." Nimekwenda Nyamira kwenye ofisi za serikali nikaandika maelezo yangu yote nikatia sahihi, Moraa. Kijana aliyeyapokea aliyasoma, akavua miwani, akayasoma tena, akaniuliza kama niko sawa kichwani. Bado hawajanijibu. Wakiniita, nitaitika. Pasta naye amekubali Sabato ijayo nizamishwe upya, kwa jina langu. Ninalala, ndugu zangu! Nilikuwa sijui watu hulala hivi! Na Bosibori hajasema amenisamehe. Sitawadanganya kwamba amesema.

Kuna mtu humu ameshika kitu cha mwenzake. Labda ni shamba, labda ni sifa, labda ni neno moja ulilomnyima. Umeomba Mungu akusamehe, ukamruka mwenyewe uliyemkosea. Ndugu yangu, Yesu hakuchoka na mimi, hatachoka na wewe. Mwamini, usimame. Utatetemeka, lakini miguu haitakuangusha. Namshukuru Mungu aliyeniaibisha mchana kweupe ili aniokoe.

Jambo la mwisho. Nilimwomba Bosibori aje leo. Alinijibu, "Nitakuja nione kama utapunguza." Sijapunguza. Kwa hiyo Mzee wa kanisa, una kitabu cha washirika hapo mkononi. Naomba uite lile jina nililoandikisha, uite kwa sauti. Mimi nitafunga mdomo wangu.

Ita, mzee.

Mmesikia alivyoitika? Geukeni, ndugu zangu, mwoneni. Ni yule mama wa mlangoni, amesimama.