Barua ya Mchungaji Nyamai

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Mchungaji Yosia Nyamai wa Emali, aliyetuacha Jumapili iliyopita akiwa na miaka sabini na mmoja. Mimi ni Nzuki, mtangazaji wenu, na pia ni mzee katika kanisa lake.

Nyamai alijua kusifu watu, jamani! Ukileta kuku mmoja kwa harambee, atatangaza umeleta kundi. Tulicheka na kupiga makofi. Hatukuona ubaya.

Miaka sita iliyopita, Kalunde, binti wa kanisa letu, aliitwa mahojiano katika chuo cha uuguzi. Alama alikuwa nazo. Lakini baada ya kidato cha nne alitumikia zahanati ya misheni kule Tseikuru miaka miwili, na chuo kilitaka kujua alikuwa akifanya nini. Nyamai akamwandikia barua. Kalunde aliipeleka ikiwa imefungwa, hajui kilichomo.

Mwenyekiti wa mahojiano akaisoma kwa sauti. "Kalunde amedunga wagonjwa mia tatu sindano. Amezalisha akina mama kumi na wawili." Akavua miwani. "Msichana, leseni ulipewa na nani?"

Kalunde anasimulia: "Nilimwambia mimi nilichota maji na kufua mashuka. Sindano sijawahi kushika."

Mnaona shida, wasikilizaji? Barua ikiwa ya kweli, Kalunde amevunja sheria. Ikiwa ya uongo, ameleta uongo chuoni. Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Akapewa mpaka Ijumaa saa kumi jioni mchungaji asahihishe barua. La sivyo, nafasi inaenda kwa mwingine.

Sisi wazee wa kanisa tulikataa katakata. "Mchungaji, ukikubali ulidanganya, utatuaibisha Makueni nzima. Huyo mtoto ataomba tena mwakani." Tukafungia muhuri wa kanisa kabatini.

Ijumaa Nyamai alienda chuoni mwenyewe, bila muhuri. Mlinzi akamzuia getini, eti hana miadi. Saa nane. Saa tisa. Kalunde alikuwa ndani, anatazama saa ukutani, analia. Saa kumi kasorobo mlinzi akamruhusu, mlango ukafunguka.

"Alisimama mbele ya wale watu wanne wa mahojiano," Kalunde anakumbuka. "Akasema, 'Nilidanganya. Mtoto hakujua. Nilaumuni mimi, msimlaumu yeye.'"

Kalunde alipata nafasi.

Mjane wa Nyamai, Mama Mbula, aliniambia: "Alirudi akamaliza ugali wote. Hakuwa amekula tangu Jumatano."

Jumapili iliyofuata, wazee tulikutana. Tulikuwa saba. Kumwondoa mchungaji kulihitaji mikono minne. Mitatu iliinuka upesi. Wa nne ulikuwa wangu.

Miaka sita Nyamai aliketi benchi la nyuma. Kila Jumapili alinisalimia kwa jina. Msamaha sikumwomba. Nilikuwa nangoja siku nzuri, na nimechelewa, na inaniuma sana.

Mwaitu, mama yetu Mbula, watoto na wajukuu, poleni. Mungu awatie nguvu. Kalunde, ambaye leo ni muuguzi huko Kitui, pole mwanangu.

Na wewe unayenisikiliza, fikiria. Kuna mtu uliyemsukuma nyuma kwa sababu alisema ukweli? Kama yuko hai, zima hii redio. Nenda kwake sasa hivi.