Vipimo vya Kichwani

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka la shangazi, fundi cherehani, na mlango huwa wazi, kwa hiyo kila tunachoropoka nje anakisikia ndani. Miaka yote alikuwa akikupima mara moja, haandiki hata namba, na nguo inakukaa kama umezaliwa nayo. Tangu amalize dawa za saratani ya titi anaandika kila kitu kwenye daftari, na kijiwe kizima kinalicheka hilo daftari. Jana Mwenyekiti wa kwaya alikuja na neno: amalize kahawa yake, kisha aamue kama majoho kumi na manane yabaki kwa shangazi au yaende kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Nami nilikuwepo kumtetea shangazi. Nimeshinda midahalo ya chuo miaka miwili mfululizo, mtu asinichezee.

— Nitazameni, akasema Mwenyekiti, akasimama. Suruali yake mpya iliishia katikati ya muundi. — Kanikatia kwa mguu wa Spoku!

— Mguu wangu una kosa gani? akauliza Spoku, fundi baiskeli, ambaye akikaa benchini miguu haifiki chini.

— Hauna kosa. Ila ni wako.

— Dripu hiyo, akasema Betri, fundi simu. — Inaingia mshipani, inapanda kichwani, inafuta. Kama simu tu.

— Mbona jina lako bado analikumbuka? akauliza Mwenyekiti.

— Majina yanakaa kwenye laini, bwana. Namba ndizo zimekwenda.

— Acha uongo, akasema Spoku. — Ile dawa si inang'oa nywele? Basi nywele ndizo zilizokuwa zimeshikilia akili. Zikitoka, upepo unaingia.

— Wewe si una upara tangu ujana? akauliza Betri.

— Ndiyo maana nazungumza kwa uhakika.

Hapo nikasimama. Hakuna aliyeniomba.

— Wazee wangu, nina hoja tatu! Kwanza, kusahau huku si wazimu. Muuguzi wa kliniki alituambia huwapata wengi wanaotibiwa saratani. Dawa, uchovu, kukosa usingizi, hofu, vyote vinachangia. Wengi hurudi sawa polepole, wengine huchukua muda mrefu, na kuandika kunasaidia. Pili...

Pili ikayeyuka. Nilibaki nimenyoosha vidole viwili hewani kama naagiza kahawa.

— Endelea mwanangu, akasema Betri. — Au na wewe umetundikiwa dripu?

Wakaangua kicheko. Ndani, cherehani ikanyamaza.

— Pili, akasema shangazi kutoka ndani, — mgonjwa mwenyewe yupo hapa, na mdomo anao.

Nikakaa.

— Neno linanitoka nikiwa nalo ulimini, akaendelea. — Kuna siku nashika mkasi nisijue nilikuwa nakata nini. Lakini suruali yako, Mwenyekiti, niliikata siku ile mlipolicheka daftari mpaka nikalificha kwenye droo. Nikajitia kukumbuka, ili mnione mzima.

Wakati huo akafika mwanamke aliyejiunga na kwaya wiki hiyo, ametumwa apimwe joho. Akamsalimia Mwenyekiti, akaiona suruali, akajikaza asicheke.

— Fundi alikosea kipimo, Mwenyekiti akajitetea.

— Pole. Kwani mguu wako ni inchi ngapi?

Mwenyekiti akauinamia mguu wake, akaanza kuupima kwa shubiri. Spoku akatazama gurudumu lililokuwa mbele yake. Betri akajifanya anapigiwa simu. Mimi nilikuwa nimevaa koti langu la midahalo, kazi ya mikono ya shangazi, na kipimo cha bega langu sikukijua hata kwa kukisia.

Mwenyekiti akaiweka chini kahawa yake, nusu kikombe, akaingia dukani na kuinua mikono kama aliyekamatwa.

— Anza na mimi, dada. Mguu, kifua, vyote. Andika.

Nikaingia nyuma yake, nikawahi kulitoa daftari kwenye droo, na kalamu. Angalau hilo nililiweza.

— Lete hapa, akasema shangazi. — Naandika mwenyewe.