Vitomir Gvozdić na Sindano ya Bunduki 4417

Kaeni kwanza, jamani, mabenchi ya chama cha wawindaji yapo, walio karibu na geti la makaburi wasogee, ngano ya kuchemsha ya kumkumbuka marehemu itagawiwa baadaye na rakija, pombe yetu ya matunda, haitakimbia, sikilizeni wasifu huu mpaka mwisho, maana mwenyewe aliagiza usomwe kabla ya risasi za heshima kupigwa na si baada, na akasema msomaji asiruke mstari hata watu wakianza kukohoa.

Marehemu Vitomir Gvozdić alizaliwa tarehe 9 Machi 1949 hapa hapa Kamenjača, nyumba ya tatu ukitoka kinuni, akiwa mtoto wa pili wa mzee Radosav na mama Stamena, na mama yake alikuwa anasema huyu hata kwenye kitanda cha mtoto hakulala chali dakika mbili, alikuwa anapiga mateke tu kama mtu aliyechelewa mahali.

Shule alianza Septemba 1956, akasoma miaka minane, darasa la tano akalirudia, si kwa ujinga, ni kwa sababu alifungua saa ya ukutani ya mwalimu ili aone ndani, akairudisha, ikawa inaenda kinyumenyume, na baada ya hapo akapelekwa mjini kujifunza ufundi wa vitasa, cheti akakipata mwaka 1967.

Jeshini aliitwa Septemba 1968, na kwa vile alijua vyuma akawekwa ghala la silaha, kazi yake ikawa ni bunduki za zamani, zile ndefu za mti na chuma za baada ya vita kuu, kuzifungua, kuzisafisha, kuzipaka grisi na kuzirudisha kwenye masanduku. Sheria ya sajini wao ilikuwa moja tu, bunduki moja, meza moja, yaani hufungui ya pili mpaka ya kwanza imefungwa, kwa sababu kila bunduki ina komeo, kile chuma unachokivuta nyuma na kukisukuma mbele kufungia risasi, na ndani ya komeo ina sindano yake, kile kijiti cha chuma kinachogonga fataki kwenye kitako cha risasi, na kila sindano imechongwa kwa mkono kufuata komeo lake, ikagongwa namba ile ile ya bunduki. Ikiwa fupi, risasi hailii. Ikiwa ndefu, inatoboa fataki, na moto unarudi nyuma kwenye jicho la mpigaji.

Sasa Jumamosi ya tarehe 17 Mei 1969 kulikuwa na dansi mjini, lori linaondoka saa kumi na mbili jioni, na Vitomir amebakiza bunduki kumi, basi akazifungua zote kumi kwa mpigo, vyuma vyote akavitumbukiza kwenye pipa moja la maji ya moto na magadi, akavifuta, akaanza kufunga kwa haraka, lori linapiga honi, wenzake wanapiga kelele, "Gvozdić, wewe unaoa hizo bunduki au unakuja?", na alipofika ya mwisho, namba 4417, akaona sindano iliyobaki mkononi imeandikwa 9052. Aliiangalia. Akaisukuma ndani, akafunga komeo, akaruka kwenye lori. Jumatatu masanduku yalikuwa yameshapigiliwa misumari na yamesafirishwa, na hakumwambia mtu.

Kwenye dansi hiyo hiyo ndiko alikokutana na Desanka, bibi yetu, aliyekaa hapo mbele na kitambaa cheusi, kwa hiyo na sisi watoto na wajukuu tumetokana na ile haraka, na yeye alilijua hilo, ndiyo maana hakuweza hata kuijutia vizuri.

Walifunga ndoa tarehe 14 Oktoba 1973 kanisani hapa, kum wao, yaani msimamizi wa ndoa na wa ubatizo wa watoto, akiwa Miladin Perunović, rafiki yake wa toka utotoni, ambaye ndiye pia aliyesimamia ubatizo wa binti yao Ranka mwaka 1975 na wa mwana wao Predrag mwaka 1979, na kila mtu hapa anajua kwamba kum huwezi kumkatalia jambo, wala kumdanganya, wala kumshika mkono kwa nguvu.

Mwaka 1974 marehemu alifungua karakana yake nyuma ya nyumba, na jeshi lilipoanza kuwauzia wawindaji zile bunduki za kale, watu walimletea zikiwa bado na grisi ya ghalani, nyeusi, nzito kama asali iliyoungua, yeye anazifungua juu ya gazeti, anatoa komeo, anakandamiza springi kwa kidole gumba, anatoa sindano, anaisoma namba kabla ya kitu kingine chochote, halafu ndiyo anachemsha maji, na mara nyingi aliyachemshia kwenye sufuria ya bibi ya kupikia pilipili za kuhifadhi kwa majira ya baridi, bibi akitokea mlangoni ni ugomvi.

"Vito, tutakula grisi mwaka huu?"

"Inalainisha tumbo, Desanka."

"Nitakulainisha wewe na huo mwiko!"

Watu walimcheka kwa kusoma namba, walimwita karani, na yeye naye alikuwa mkali, fundi kijana akifungua bunduki mbili pamoja anafukuzwa siku hiyo hiyo, "Bunduki moja, meza moja, mbwa wewe!", na hakuna aliyejua hasa anamfokea nani.

Tarehe 6 Februari 1998 aliletewa bunduki namba 9052, mali ya chama, na ndani ya komeo akakuta sindano 4417. Bibi anakumbuka kwamba siku hiyo hakula, alitoka akaenda mtoni akarudi, akaenda tena akarudi, kisha akainunua bunduki hiyo, ile sindano akaifunga kwenye kitambaa cha fulana, akaitia mfukoni, na haikutoka mfukoni kwake miaka ishirini na sita, hata kanisani.

Ikabaki kuipata 4417 yenyewe. Na hii haikuja karakanani, ilikuja makaburini, Oktoba 2001, alipozikwa Dobrivoje, kaka yake kum Miladin, na Miladin akatoa bunduki ya kaka yake apige risasi tatu za heshima, Vitomir akasoma namba kwenye chuma, nje, mchana kweupe. Risasi zililia salama kwa sababu zilikuwa za kijeshi za zamani, fataki zake ngumu, ile sindano iliyozidi urefu haikuzitoboa. 

Kuanzia hapo aliomba kila msimu, na kila msimu ilikuwa vile vile.

"Kum, niachie komeo tu, dakika kumi, nilifute."

"Wewe una njaa ya grisi? Kafungue friji ya mkeo."

"Lina kutu humo ndani, Miladin."

"Mafuta yaliyomo aliyapaka Dobrivoje kwa mkono wake, siku tatu kabla hajafa. Ukiyafuta, kaka yangu nitambakiza wapi?"

 Hapo Vitomir angeweza kusema neno moja tu, kwamba kum, sindano hiyo si yake, niliiweka mimi, lakini yeye ndiye fundi wa bunduki wa vijiji vinne, yeye ndiye wa bunduki moja meza moja, aibu ikamshinda. Alichofanya ni kwamba kwenye kila mazishi ya mwindaji alikwenda kusimama kushoto kwa Miladin, karibu kabisa, upande ambao moto hutokea fataki ikitoboka, bega likigusa bega, mpaka Miladin anamwambia mbele za watu, "Sogea huko, Vito, unataka nikubebe?"

Ugonjwa wa mapafu ulimwanza Januari 2023, akalazwa mara tatu, na mwezi wa tisa mwaka huu kum akaja kumwona, akamletea zabibu, akamwambia kwa kujisifu kwamba risasi za zamani zimekwisha, amenunua dukani boksi jipya la risasi za kuwindia, zenye fataki laini, safi. Marehemu alivua mpira wa oksijeni, akataka kushuka kitandani, manesi wawili wakamrudisha. Tarehe 3 Novemba alituita, akatueleza yote, akasema, "Nimekuwa mwoga miaka hamsini na tano, nisomeeni haya mimi nikiwa nimelala jenezani, huenda nitaweza," na Jumanne tarehe 12 Novemba 2024, saa tano asubuhi, akafariki, miguu ikitembea chini ya shuka.

Ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu watano. Tunawashukuru madaktari na manesi wa wodi ya kifua, majirani waliotuletea kuni na mikate bila kuombwa, chama cha wawindaji kwa shada na mabenchi, na mafundi wote aliowahi kuwafukuza, mmekuja karibu nyote. Babu Vito, shughuli yako ya kusema imekwisha, tulia sasa, pumzika kwa amani.

Kum Miladin, bunduki 4417 iko begani kwako na risasi tatu za lile boksi jipya ziko mfukoni, kaburi linasubiri heshima, na sindano yake halali ni hii hapa kwenye kitambaa, kazi ya dakika kumi, ila mafuta ya Dobrivoje yatafutika. Hakuna atakayekushika mkono. Tunaona umeweka kidole kwenye komeo na hulivuti. Na nyinyi mnaomtazama, ingekuwa ni bunduki ya kaka yako, mafuta ya kaka yako, na aliyekuficha jambo hili ni kum wako, wewe ungefanyaje?