Mwaka Mzima Kabatini

Ndani ya basi, kwenye kiti cha mbele yangu, mama mmoja alikuwa amepakata laptopu kama mtoto mwenye homa. Jirani yake, mwanamume mwenye bisibisi tatu kwenye mfuko wa shati, akamuuliza ina tatizo gani.

"Imezimika juzi, haiwaki tena. Na waranti ya miaka miwili imeisha wiki iliyopita. Binti yangu kaitumia mwaka mmoja tu, fundi. Mwaka mzima wa kwanza niliiweka kabatini, namtunzia mpaka aingie chuo."

"Waranti inahesabiwa tangu siku ya risiti, mama. Hata ikiwa kabatini, siku zinahesabika."

Nyumbani nina sufuria ambazo hazijawahi kuona moto, kwa hiyo sikucheka.

"Utafiti wake wote umo humu," mama alisema, "na anaukabidhi keshokutwa."

"Basi niifungue, nitoe diski, tuisome kwenye mashine nyingine. Mara nyingi diski huwa nzima."

"Ukiibandua hii stika ya waranti hapa chini, dukani hawatanisikiliza tena."

"Hata sasa hawatakusikiliza."

"Wiki moja si nyingi. Huenda wakanihurumia."

"Wakikuhurumia wataipeleka kiwandani. Itarudi baada ya mwezi, imefutwa kila kitu."

Basi likapunguza mwendo. Fundi akasimama, akaonyesha karakana yake ng'ambo ya barabara. Duka alikokuwa akienda mama lilikuwa vituo viwili mbele.

"Ukiifungua," mama akauliza, "nitakaa hapo hapo nikiangalia?"

"Skrubu utazishika wewe mwenyewe."

Basi likasimama, mlango ukafunguka. Mama alikuwa bado amekaa.