Chupa ya Lynn Haizungushwi Ploti

Benchi letu liko Lanet, nyuma ya stage ya matatu, limeegemea ukuta wa kinyozi aliyefunga akarudi kwao. Hatulipi rent na hatuombi mtu ruhusa. Askari wa kaunti wakija kutufukuza tunasonga kidogo, wakienda tunarudi. Kahawa ya tangawizi anatupikia Winrose, mama wa Kuresoi, na jiko lake liko hapo hapo miguuni petu, kwa hivyo tukisema upuzi anausikia wote. Jana asubuhi tulikuwa wanne. Kulikuwa na Mzee Ogola, tunamwita Reli kwa sababu babake alifanya kazi ya reli na haachi kutuambia. Kulikuwa na Jonah, anajiita Vet. Ana ng'ombe wawili na hajawahi kuingia darasa lolote la mifugo. Kulikuwa na Wamalwa, Profesa, ambaye elimu yake yote imetoka kwa magazeti ya kufungia nyama. Na mimi, wananiita Mdomo, na sibishani.

Sasa, Reli na Winrose wanaishi ploti moja, nyumba za kupanga za ua mmoja, na kwenye ploti yao dawa ya mtoto huzunguka milango kama chumvi. Mtoto wa huyu akichangamka, chupa inahamia kwa huyo mwingine anayekohoa. Ndio mila ya hapo, hakuna anayeuliza. Lynn, binti mdogo wa Winrose, alikuwa ameshikwa na nimonia akaandikiwa antibiotiki ya maji, ile ya kutikisa. Jana Reli hakukaa hata. Alifika akasimama mbele ya jiko.

Reli: Mama Lynn, nimekuja kwa ajili ya Bravin. Huyo mjukuu wangu anakohoa vibaya. Ile chupa yenu imebaki, nipatie.

Winrose: Haijabaki, mzee.

Reli: Yawa! Si nimeiona kwa meza yako? Iko nusu!

Winrose: Iko nusu kwa sababu Lynn amefika nusu.

Profesa: Lakini Lynn si amepona? Mimi nimemwona na macho yangu akifukuza kuku wa caretaker.

Winrose: Amepata nafuu. Nani amekwambia amepona?

Profesa: Kuku.

Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Winrose hakucheka. Alimimina kikombe cha Profesa nusu akaacha hapo, na Profesa alivyomwangalia akaona ni afadhali anywe hiyo nusu akinyamaza. Lakini kunyamaza hajui.

Profesa: Wacha niwaelezee kitu. Hii mambo ya "maliza chupa, maliza chupa" ni njama. Kampuni inapima chupa iwe kubwa kuliko ugonjwa. Ugonjwa unaisha hapa, dawa inaisha huko mbele. Unamaliza ndio urudi kununua ingine.

Mimi: Sasa kama ugonjwa umeisha, atarudi kununua ya nini?

Profesa: Mdomo, wewe hujui biashara.

Vet: Mimi naongea kama mtu wa mifugo.

Winrose: Woi. Tumeanza.

Vet: Ndama wangu alikohoa mwezi jana. Nikaenda agrovet, nikachukua dawa yao ya ng'ombe, nikamdunga. Leo anapiga watu mateke. Na mtoto ni nini? Si ni ndama mdogo tu? Reli, nyumbani kuna ile imebaki. Unapima kwa kifuniko cha soda, unachanganya na maziwa, unampatia. Hatahisi kitu.

Winrose: Jonah. Nisikize vizuri. Ukimpatia mtoto wa mtu dawa ya ng'ombe, mimi mwenyewe nitakupeleka polisi. Kwa miguu. Nikiwa nimekushika sikio.

Vet: Lakini ndama...

Winrose: Huyo ndama alikwambia kama tumbo lilimuuma? Alikwambia anasikia kizunguzungu? Kunywa kahawa yako.

Vet alikunywa. Mimi nilidhani mambo yameishia hapo, lakini Reli bado alikuwa amesimama, kofia mkononi, na uso wake haukuwa wa mtu anayecheza. Na hapo ndio mdomo wangu ukatoka bila breki, kama kawaida yake.

Mimi: Mama Lynn, mpe mzee vijiko viwili tu mambo yaishe. Kwani utapungukiwa?

Winrose: Vijiko gani, Mdomo? Vya chai? Vya supu? Ama ile mwiko wa ugali yenu? Mimi nilipewa kikombe kidogo kina alama, nikaonyeshwa mstari. Na kabla ya huo mstari Lynn aliwekwa kwa mizani, akasikizwa kifua, nikaulizwa kama kuna dawa imewahi kumfurisha uso ama kumtoa vipele. Huo mstari ni wa mwili wa Lynn. Bravin ni mtoto mdogo kuliko yeye, bado ananyonya! Je, kama mwili wake haitaki hii dawa? Nani atakuwa amemuua? Wewe na vijiko vyako?

Mimi: Sikusema hivyo.

Winrose: Ulisema vijiko viwili.

Profesa: Hapo sasa umeniletea wazo. Kama Bravin ananyonya, basi mamake, Milcah, ndio anywe dawa! Mama anameza, inashuka kwa maziwa, mtoto anavuta. Hakuna kupima, mwili wa mama unajipimia. Hii kitu wazungu bado hawajafikiria.

Vet: Aki hiyo inaweza. Ng'ombe pia...

Winrose: Vet!

Vet: Nimenyamaza.

Reli hakuwa anawasikiza. Alikuwa anamwangalia Winrose tu.

Reli: Wewe ni mchoyo. Nasema mbele ya watu. Ile siku mvua iliingia kwako, ni nani alipanda juu ya mabati? Lynn akianza kulia usiku, ni Milcah anaamka kukusaidia kumbeba. Leo Bravin wangu anakohoa na wewe unanipimia mistari. Kwa hii ploti hakuna mtu amewahi kunyimwa dawa ya mtoto. Hakuna! Wewe ndio wa kwanza.

Winrose aliweka birika chini. Nilifikiri atalia. Alikasirika.

Winrose: Ndio, mimi ndio wa kwanza. Na wacha niwe wa kwanza. Mwaka jana sikio la Lynn lilitoa usaha, nikapewa dawa, akatulia. Mama mkwe akaona chupa imekaa, akaita wajukuu wote, kila mmoja akalambishwa kidogo. Wote wakafurahi, iko tamu. Mimi nikasema nini? Sikusema kitu, ni mama mkwe. Mnajua ile sikio ilirudi aje? Ilirudi na hasira. Tukatafuta dawa ile ile, ikawa kama nampatia maji. Tukalazwa wodi. Daktari akaniuliza hii chupa ya kwanza ilimalizwa na nani, nikaangalia sakafu. Mzee, nakuheshimu, na ile mabati sitasahau. Lakini mimi sakafu siangalii tena. Mnisemee hapa kwa benchi, mnisemee kwa ploti, mnisemee mpaka Molo. Dawa ya Lynn itaishia kwa Lynn.

Profesa alijaribu kitu kuhusu virusi na bakteria kuwa ukoo mmoja, kwamba ukimchapa mmoja mwingine anasikia anahama, lakini aliisema polepole, na hata yeye hakuonekana kuiamini. Mimi nilikuwa upande wa Winrose sasa, na pia nilikuwa namwonea Reli huruma, kwa hivyo nilikaa tu nikichukia kila mtu.

Kulikuwa na mama mmoja amekaa kwa kona ya benchi na gunia la maparachichi. Alishuka kutoka Kabazi asubuhi kuuza, akaagiza kahawa, akawa anaipuliza. Hatukuwa tumemjali. Akageuka kwa Reli.

Mgeni: Samahani, mzee. Kwani mtoto anaugua nini?

Reli: Si nimesema? Anakohoa.

Mgeni: Hiyo nimesikia. Ugonjwa ndio nauliza. Ni gani?

Reli alifungua mdomo. Akamwangalia Vet. Vet akamwangalia Profesa. Profesa, mtu ambaye ana jibu la mwezi na la bahari, akaanza kukagua kikombe chake kama kina maandishi ndani. Tulikuwa tumemtibu Bravin saa nzima. Tulikuwa tumemnywesha, tumemdunga, tumempitishia kwa maziwa ya mamake, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua anaugua nini. Hakuna aliyekuwa amemwona. Niliona aibu, na nilikasirika kwamba naona aibu.

Mgeni: Sijui mambo ya dawa mimi, nauliza tu. Kuna homa ya kawaida ya kukohoa, hiyo inaenda yenyewe. Na kuna ile nyingine, ya kubana kifua.

Winrose: Mzee, piga simu. Piga saa hii.

Reli alipiga. Mimi nikamshikia simu. Nikaiweka kwa spika.

Milcah: Baba, umepata dawa?

Reli: Bado. Bravin yuko aje?

Milcah: Ameacha kunyonya, baba. Anahema haraka haraka, na hapa chini ya mbavu panaingia ndani kila akivuta pumzi. Nilijua unaleta dawa, ndio nikangoja.

Kwa nyuma ya sauti yake tulimsikia mtoto. Hakuwa analia. Ilikuwa mguno, mguno mfupi mfupi. Vet, ambaye hanyamazi hata kanisani, alishika kichwa.

Winrose: Milcah, ni mimi. Usimpe dawa yoyote, unasikia? Hata ya jirani. Mfunike, toka naye kwa gate, tunakupitia na boda tunaenda hospitali. Usingoje mtu mwingine.

Milcah: Sawa, Mama Lynn. Sawa.

Winrose alikuwa ameshavua aproni. Alipiga mluzi, boda wawili wakaja mbio kutoka stage. Asubuhi nzima ya biashara, birika limejaa, wateja wanaanza kuteremka, na huyo mwanamke akafunika jiko na sufuria akamwambia mgeni wa Kabazi kahawa yake ni ya bure.

Vet: Na sisi?

Winrose: Nyinyi kaeni hapo. Kahawa imeisha.

Reli alikuwa na mguu mmoja hewani, ameshika bega la mwenye pikipiki, na bado akageuka. Macho yalikuwa yamejaa.

Reli: Mama Lynn, na ile chupa? Si tupitie tuibebe, angalau kidogo ya njiani?

Winrose: Ile ni ya Lynn, na jioni atakunywa yake. Bravin anaenda kupimwa aandikiwe yake, kwa jina lake, na mimi nitakaa hapo mpaka nione amepewa. Wakikataa kutuona haraka nitapiga kelele. Panda, mzee.

Mzee Ogola akapanda.