Risala ya Waandishi wa Jinja na Mbale Kabla ya Utepe Kukatwa

Mgeni rasmi, Mwenyekiti wa Mradi wa Michezo ya Elimu. Viongozi wa dini. Maafande na wake zenu. Majirani wa Namakwekwe mliotuazima ukumbi:

KARIBU MBALE

Sisi waandishi wa michezo ya Kiswahili, wenyeji wa hapa na tuliotoka Jinja leo asubuhi, tunakukaribisha kwa mikono miwili. Malewa, yale machipukizi ya mianzi ya hapa kwetu, yako jikoni na matoke yanaiva. Lakini tunaomba utusikilize kwanza. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na wenyeji wako, Bwana Mwenyekiti, ni wagonjwa kwa hasira.

TULIKOTOKA

Umoja wetu ulizaliwa mwaka 1991 kule Bugembe, Jinja, katika duka la kushona la Bi Jamirah Shakul. Wengi wetu hatukuzaliwa na Kiswahili. Tulikisikia kwanza vinywani mwa askari, kikitoa amri, na wapo wanaokiogopa hadi leo. Kwa hiyo kila mchezo tunausoma kwa sauti mbele ya wateja wa Bi Jamirah: mke wa askari kutoka kaskazini, mchuuzi wa vitenge, dereva wa lori kutoka Kenya. Mtu akicheka pasipochekesha, tunafuta. Wakiacha kuulizia nguo zao, tunajua pameiva.

TULICHOFANYA

Kazi tunayojivunia kuliko zote ni mchezo uitwao *Kikombe cha Gorreti*. Aliuandika mwenzetu Docus Kagoya wa Mpumudde, mke wa Afande Odongo wa magereza. Gorreti alikuwa dada yake, aliyeugua Ukimwi. Docus alimwuguza miaka miwili, akaona jirani wakimtengea kikombe chake, mpaka siku moja mgonjwa mwenyewe akakificha ili anywe kwa kikombe cha wenzake. Docus aliandika hayo katika daftari za shule, akilia, akinawa uso, akiendelea. Siku ulipochezwa katika kambi ya askari magereza, wanaume watu wazima waliinamisha vichwa, na kesho yake wengine walikwenda kupimwa damu bila kusukumwa na mtu. Mradi wako ukaupenda, ukauchapa kitabu, na leo umekuja kuzindua chapa ya pili. Vitabu ni vile pale mezani, chini ya kitambaa cheupe.

KINACHOTUUMA

Inua kitambaa, mgeni rasmi, usome jalada. Limeandikwa: "Kimetungwa na Kamati." Hiyo kamati haikumwuguza mtu.

Tutakueleza ilivyokuwa, na kosa letu hatulifichi. Docus alipokuwa anafunga daftari zake kuzipeleka ofisi ya mradi, mumewe alimzuia.

"Weka jina ya nini?" alisema Odongo. "Karatasi yenye iko na jina, mwenyewe ataitwa."

Docus hakubisha. Alijua mumewe anamkumbuka nani. Enzi za utawala wa kijeshi, kaka yake Odongo alitia sahihi barua ya kulalamikia maharage mabovu ya askari. Aliitwa kwa jina lake, akaenda, na mpaka leo hatujui alizikwa wapi. Ndiyo maana katika nyumba nyingi zetu mtu huandika kila kitu ila jina lake. Docus akapeleka daftari zikiwa hazina jina juu. Nakala hakubaki nayo.

Kitabu kilipotoka alirudi ofisini kuuliza. Mkubwa mmoja akamjibu akiwa anasaini posho za semina: "Mama, hii haina jina ya mtu. Kitu haina jina ni ya kamati." Akampa fulana ya mradi na mche wa sabuni.

Mwenyekiti, dereva aliyevibeba vitabu alilipwa. Aliyefagia ukumbi alilipwa, na ni haki yake. Aliyeandika akavishwa kilemba cha ukoka, akaambiwa ana kipaji kutoka kwa Mungu, kana kwamba Mungu ndiye atakayemlipia pango. Tulipokea hayo kwa miaka minne kwa sababu tuliona haya, na kuona haya kwetu kukawa faida ya wengine.

Lililomkata maini Docus ni jingine. Mwanawe Roselyn alisoma kitabu hicho darasani, akasema mama yake ndiye aliyekiandika. Mwalimu akamsimamisha mbele ya wenzake kwa kusema uongo. Mtoto alirudi nyumbani akauliza, "Mama, kwani ni wewe kweli?" Docus hakuwa na karatasi ya kumwonyesha. Jioni hiyo Afande Odongo aliacha chakula chake kikapoa. Mwishowe akasema, "Mimi ndio nilikosea. Enda useme jina yako."

TUNACHOOMBA

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Tunaomba malipo yapatanwe kwa maandishi kabla kalamu haijagusa karatasi. Tunaomba fungu la waandishi litengwe katika kila fedha ya mradi, kama linavyotengwa la petroli. Na tunaomba leo, si kesho, utepe usikatwe mpaka kitabu kimepata mwenyewe.

Tumebakiza moja. Jumatatu iliyopita msaidizi wako Tonny alifika Mpumudde kwa boda boda. Akasema, "Mama Roselyn, tuandikie hotuba ya mkubwa, wewe Kiswahili yako ni safi." Akamnunulia soda. Docus akaandika, kwani kazi ya mikono yake hajui kuiharibu.

Hotuba hiyo ndiyo uliyoishika. Tafadhali fungua ukurasa wa tatu. Pameandikwa, "Na mwandishi wa mchezo huu ni," kisha pana nafasi wazi. Tulimwambia Docus aijaze, akajaribu mara mbili, akafuta mara zote mbili. Amekuachia wewe.

Amekaa safu ya pili, kitambaa cha kijani kichwani, na Roselyn yuko kando yake. Mwalimu wa Roselyn pia tulimwalika, na amekuja.

Mungu akupe afya, akurudishe kwako salama, na akupe sauti ya kufika mpaka nyuma ya ukumbi.

Ni sisi, Umoja wa Waandishi wa Michezo, Jinja na Mbale. Safari hii tumetia majina: Jamirah Shakul, Alfayo Mafabi aliyeisoma risala hii, Ramula, Yekosofati, Topista, Mubaraka, na wengine ambao majina yao yako nyuma ya karatasi.

La Docus hatukulitia katika orodha hii. Tunangoja ulitaje wewe.